Mpapase Mbwa Wako Kila Jioni

Popi alikaa nasi Morogoro miaka minne. Alikuwa mbwa wa kienyeji, wa kahawia, na doa jeupe kifuani. Masikio yake yalisimama muda wote, na geti letu halikuguswa bila yeye kujua. Alipoacha kula nilidhani amechoka na ugali. Siku ya pili nikamwekea mchuzi wa dagaa, akaunusa na kugeuza uso. Siku ya tatu alikojoa mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, ndipo nilipompakia kwenye bajaji kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimfunua mdomo kwa kidole gumba. Nikaziona fizi ambazo sijazisahau, nyeupe kama unga wa sembe. Kisha akapitisha mkono nyuma ya sikio, akausimamisha hapo, akaniambia nami nishike. Chini ya manyoya kupe walikuwa wamejipanga kama punje kwenye gunzi. "Dada," akaniuliza bila ukali, "mara ya mwisho kumshika huyu ilikuwa lini?"

Sikuwa na jibu. Chakula nilimpa kila siku, chanjo yake nililipia, na nikirudi kazini nilimwita kwa jina naye akatikisa mkia. Lakini kumshika hasa, kupitisha mkono mwilini kuanzia kichwani hadi mkiani, sikuwa nimefanya kwa wiki nyingi. Popi alikufa usiku ule kwa homa ya kupe. Yote nitakayokueleza hapa yameanzia kwenye swali la yule daktari. Kama una mbwa uani na huna muda wa kusoma hadi mwisho, basi weka gazeti chini, toka nje ukamshike.

Wakati mzuri ni jioni, jua likishapoa na kabla hujampa chakula, maana mwenye njaa hakukimbii. Kaa kwenye kigoda au kwenye ngazi ya jikoni. Usimwinamie ukiwa umesimama, kwa sababu mbwa akiinamiwa huhisi anatishwa. Mwache aje mwenyewe aunuse mkono, kisha anzia chini ya kidevu au kifuani, wala si utosini. Mbwa ambaye hajawahi kuguswa tangu aletwe hatakubali siku ya kwanza. Siku hiyo mpe dagaa mmoja kutoka kiganjani mwako, basi. Kesho yake mpe dagaa na umguse shingo kidogo. Keshokutwa fika begani. Baada ya wiki mbili tatu mbwa wengi huja wenyewe na kuegemea goti lako. Usimlazimishe, na usimshike kwa nguvu ili umalize haraka, kwani hapo atajifunza kwamba mkono wako ni wa kukimbiwa.

Masikio kwanza. Mbwa wenye masikio yaliyosimama huumwa na nzi kwenye ncha, hasa banda likiwa karibu na zizi au jalala, hadi panatoka damu na kufanya gamba jeusi. Safisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, paka mafuta mazito ya mgando ili nzi wasitue, na uondoe taka zinazowaita. Kisha nusa ndani ya sikio. Sikio zima halina harufu kali. Ukikuta harufu ya chachu au uchafu mweusi, na mbwa anatingisha kichwa kila mara, mpeleke akatibiwe. Usiingize kijiti cha pamba.

Funua mdomo uangalie fizi. Zinapaswa kuwa na rangi ya waridi na unyevunyevu. Bonyeza kwa kidole, uachie, na uhesabu. Weupe ulioachwa na kidole ufutike na rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au fizi zikiwa zimepauka, usingoje kesho kama nilivyongoja mimi. Mbwa wengine wana fizi nyeusi kwa asili, na hao waangalie ndani ya kope la chini.

Shingoni, chini ya mkanda, panahitaji vidole viwili vipite bila kubanwa. Mtoto wa mbwa aliyefungwa mkanda akiwa na miezi mitatu hukua, na mkanda haukui. Nimemwona mbwa aliyefungwa waya wa umeme shingoni, ngozi ikaota juu yake. Mwenye nyumba alidhani ni kidonda cha kuumwa na mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefunua manyoya pale.

Ukifika mbavuni, tumia mkono wako mwenyewe kama kipimo. Kunja ngumi, upitishe vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo. Mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja, papasa mgongo wa mkono. Mifupa inasikika lakini imefunikwa kidogo, na hivyo ndivyo mbwa mwenye afya alivyo. Geuza, upapase upande wa kiganja chenyewe. Kama mbavu zimezama namna hiyo, amenenepa kupita kiasi, na mbwa mnene huumia viungo, moyo na pumzi kwenye joto letu.

Kwapani na kinenani ndiko kupe wanakopenda kujificha. Kwenye nyayo tafuta funza, yule yule anayeingia miguuni mwa watoto kwenye nyumba za sakafu ya vumbi. Utaona kidoti cheupe chenye ncha nyeusi katikati, na mbwa anayelamba vidole bila kuacha. Mtoe kwa sindano safi, kisha upake dawa ya vidonda. Mbwa akiwa na funza kagua na miguu ya watoto wako, kwa sababu uwanja wao ni mmoja. Tumboni na ubavuni unaweza kukuta jipu gumu lenye tundu dogo juu, na ukitazama kwa makini tundu linachezacheza. Huyo ni buu wa yule nzi ambaye kwa ajili yake tunapiga pasi hata nguo za ndani. Ziba tundu kwa mafuta ya mgando hadi akose hewa na kuchungulia, ndipo umkamue taratibu atoke mzima, maana akipasukia ndani jipu litaoza. Malizia chini ya mkia. Vipunje vinavyofanana na mchele, vilivyokauka kwenye manyoya, ni vipande vya minyoo ya tegu, ambayo mbwa huipata kwa kumeza viroboto. Basi dawa ya minyoo peke yake haitoshi kama viroboto bado wapo.

Kazi yote hii huchukua dakika tano.

Nirudi kwa kupe, kwa sababu ndio walioniondolea Popi. Kupe akijaa damu huvimba hadi kufanana na mbegu ya mbarika. Mkamate kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumsokota, kisha umtumbukize kwenye kopo lenye maji ya sabuni au mafuta ya taa. Usimpasue kwa kucha. Usimwagie mbwa mafuta ya taa, wala usimchome kupe kwa moto wa sigara akiwa bado amening'inia.

Watu wengi hawajui kwamba yule kupe wa kahawia anayependa mbwa haishi majanini tu. Jike akishashiba hudondoka, hupanda ukuta, hutafuta ufa na kutaga humo mayai kwa maelfu. Ndiyo maana unamwogesha mbwa Jumamosi na Jumatano kupe wamejaa tena, ukaishia kulaumu dawa. Ziba nyufa za banda. Toa magunia ya kulalia uyaanike juani au uyachome, na uyabadilishe mara kwa mara. Banda lenyewe linyunyizwe dawa mbwa akiwa nje, na asirudi kabla halijakauka.

Katika dawa naomba sana uangalifu. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja watu wakichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakaikadiria kwa macho na kummwagia mbwa. Baada ya saa moja mate yanamtoka kama povu, misuli inatetemeka, pumzi inakuwa nzito. Chupa ina karatasi ya maelekezo. Kama mbwa hakutajwa, dawa hiyo si yake, na kama ametajwa, kipimo chake ni tofauti na cha ng'ombe. Ikishatokea, muoshe haraka kwa sabuni na maji mengi ukiwa umevaa glavu, na umkimbize kwa daktari pamoja na chupa yenyewe. Dawa ya Ivomeki ya ng'ombe nayo inachomwa ovyo mitaani. Mbwa wa jamii ya collie, na baadhi ya German Shepherd, wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kufika kwenye ubongo, na kipimo ambacho mwenzao anakistahimili kinaweza kuwaua. Na kama una paka, ujue kwamba dawa nyingi za kupe za kupaka mbwa zina pamethrini, ambayo kwa paka ni sumu kali. Watenganishe hadi mbwa akauke.

Sasa kichaa cha mbwa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo usalama wa mbwa na wa mtoto wako ulipo mahali pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, asilimia 40 ni watoto wasiofikia miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kifo ni karibu hakika. Lakini chanjo ya mbwa ipo, inafanya kazi, na mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwa cha Pemba kimetuonyesha. Chanjo ya mbwa iliumaliza kufikia Mei 2014, ukaingizwa tena mwishoni mwa 2016, na kampeni ya kisiwa kizima ya kila mwaka ikaufuta upya kufikia Oktoba 2018.

Mbwa wako achanjwe akiwa na miezi mitatu, arudiwe kama kadi inavyoelekeza, na kadi hiyo iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Sehemu nyingi chanjo hutolewa bure kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu mwaka 1885. Ukienda siku hiyo utaona jambo linalonirudisha kwenye hoja yangu. Watu wanafika na mbwa wanaovutwa kwa kamba mita tatu nyuma yao. Zamu ikifika, mwenye mbwa anamwambia bwana mifugo, "Mimi simwezi, huyu hashikiki." Wengine huwaacha nyumbani kwa sababu hiyo hiyo, na hao ndio wanaokosa sindano. Mbwa aliyezoea kupapaswa kila jioni huchomwa huku umemkumbatia, ikawa imekwisha.

Ipo hali moja tu ambayo nakuomba usimshike. Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole anakuwa mkali, na aliyekuwa mkali anaweza kuwa mpole ajabu. Sauti ya kubweka inakwaruza, taya la chini linalegea, mate yanamtiririka, hawezi kumeza. Mwenye huruma atadhani amekwamwa na mfupa kooni na kumtia mkono mdomoni autoe. Usifanye hivyo kamwe. Mfungie mahali, weka watu mbali, umpigie simu bwana mifugo.

Na mtu akiumwa au kukwaruzwa, kimbilia bomba kwanza. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwa saa, hata kama ni mkwaruzo mdogo, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usipake pilipili, unga wa betri, wala jiwe la nyoka. Mbwa aliyeuma, kama anajulikana na ni mzima, afungiwe na kuangaliwa siku 10. Mara nyingi hasira za mtaa humuua palepale, na ushahidi uliohitajika unapotea naye.

Mtoto wa mbwa ana hatari zake. Ugonjwa wa pavo humjia kwa kutapika na kuharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau, na anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu kwa kuishiwa maji. Virusi vyake hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, kwa hiyo usilete mtoto mpya kwenye uwanja aliofia mwenzake bila kumchanja kwanza. Chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afike wiki 16, na kabla hazijakamilika asitembezwe mitaani. Dawa ya minyoo ianze mapema, wiki ya pili, kisha kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 12. Minyoo ya mbwa huambukiza pia watoto wanaochezea mchanga wenye kinyesi, kwa hiyo zoa kinyesi kila siku ukakifukie.

Katika chakula sitakuambia ununue cha kwenye mifuko ya dukani kama mfuko wako hauruhusu. Mbwa wetu wamelelewa na ugali na wamezeeka nao. Kosa ni kumpa ugali mtupu. Anahitaji protini, na dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kuondolewa miiba mikubwa, yai, maharage yaliyoiva vizuri, utumbo na bandama, vyote vinapatikana sokoni kwa bei ya kawaida. Mchuzi wa jana wenye vitunguu na vitunguu saumu usimpe, kwani huharibu chembe za damu yake. Zabibu, chokoleti na bigijii zisizo na sukari pia zina sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kama vijiti vya meno na kutoboa utumbo. Ukitaka atafune kitu, mpe mfupa mkubwa mbichi wa goti la ng'ombe, na umwondolee ukishaanza kumeguka.

Kuna mambo mawili katika chakula ambayo watu huyapuuza. La kwanza ni unga ulioota ukungu. Mama wa nyumba anaona unga umebadilika harufu, anasema, "Huu usitupwe, wapikieni mbwa." Sumukuvu haichagui. Mwaka 2004 nchini Kenya, sehemu za Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na ini la mbwa linaathirika na sumu hiyo kwa urahisi sana. Unga usioufaa mwili wako usimwekee. La pili ni nyama za machinjioni zilizotupwa, hasa maini na mapafu yenye vifuko vya maji. Vifuko hivyo vina mabuu ya tegu mdogo anayekomaa ndani ya mbwa, kisha mayai yake humrudia binadamu kupitia kinyesi na manyoya, na kumwotesha vifuko vile vile kwenye ini lake. Wafugaji wa Turkana wanaujua ugonjwa huu kuliko karibu watu wote duniani. Vifuko vifukiwe shimoni, na nyama za ndani zichemshwe hadi ziive.

Nakuja kwenye mnyororo, jambo linaloniuma zaidi. Wengi wameambiwa mbwa asipofungwa mchana kutwa hawi mkali usiku. Fikiria anachokiona aliyefungwa: duara la mita mbili, vumbi, kinyesi chake mwenyewe, jua likihamia juu yake saa sita bila kivuli, na bakuli la maji lililopinduka tangu asubuhi. Huyo hubwekea bodaboda, kuku, jani la mgomba likitikiswa na upepo, na mwisho wenye nyumba mnazoea kelele zake. Siku mwizi akija, mtageukia upande wa pili mlale. Mlinzi mzuri ni yule anayeujua uwanja wake na watu wake, akatambua kilicho kigeni. Mbwa anayepapaswa na wa nyumbani hapunguzi ulinzi wake. Popi alilala akiegemea miguu yangu, na hakuna mgeni aliyevuka geti akiwa peke yake.

Kama hakuna uzio na huna budi kumfunga, tandaza waya imara kutoka mti hadi mti, pitisha pete juu yake na ufunge kamba kwenye pete hiyo, mbwa atembee urefu wote wa uwanja. Mfungue asubuhi na jioni, na mtembeze. Nchini Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mbwa kama inavyomlinda ng'ombe, na Kenya nayo ina sheria yake inayokataza ukatili kwa wanyama.

Banda la bati tupu lililoegemezwa ukutani ni tanuri. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na hewa ikiwa ya moto kuhema hakumsaidii. Weka banda chini ya mwembe au mwarobaini, inua sakafu yake kwa matofali mawili ili mvua isiingie, na juu ya bati tandika makuti au nyasi. Maji yabadilishwe mara mbili kwa siku kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua. Ukimkuta anahema kwa nguvu, ulimi mwekundu sana, anayumba, msogeze kivulini na ummwagie maji ya kawaida tumboni, shingoni na nyayoni huku ukimpepea, kisha mpeleke kwa daktari.

Wasomaji wangu wa pwani na Waislamu kokote wana swali lao la haki kuhusu mate ya mbwa. Madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huyafuata, huyahesabu kuwa najisi nzito, yanayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kumeruhusiwa. Mbwa yumo katika kisa cha Watu wa Pangoni ndani ya Kurani, na Waislamu wote wanakijua kisa cha yule aliyeshuka kisimani akamnywesha maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Jirani yangu mmoja, mzee wa msikiti, ana mbwa wawili. Wana vyombo vyao, eneo lao nyuma ya nyumba, na yeye ana glavu za mpira na kanzu kuukuu ya kazi hiyo tu. Huwapapasa kabla ya magharibi, huoga, huenda kuswali. Mbwa wake hawana kupe.

Na wewe mwenye mbwa unayekaa na majirani wasiopenda kuguswa naye, mheshimu jirani kwa kumzuia mbwa asipite barazani kwake.

Watoto wafundishwe mapema. Mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto haguswi. Mkia unaotikisika si furaha siku zote. Ukisimama juu umekakamaa na kutikisika kwa kasi, mwili nao umeganda, mbwa huyo ana wasiwasi. Akigeuza kichwa huku weupe wa macho ukionekana, akijilamba midomo hali hakuna chakula, au akipiga miayo katikati ya mchezo, anaomba aachwe. Anayenguruma naye anaonya, kwa hiyo usimchape kwa kunguruma, usije ukamfundisha kuuma bila onyo. Mbwa mgeni akimjia mtoto njiani, asikimbie. Asimame kama mti, mikono kifuani, macho chini, hadi mbwa anuse na kuondoka.

Suala la uzazi nitalitaja kwa ufupi. Jike huingia kwenye joto karibu mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Kama huna pa kuwapeleka watoto, mfunge uzazi, na dume mhasi. Hilo humpunguzia pia dume kuzurura, na mbwa wazururaji ndio wanaoambukizana kwa kupandana uvimbe wa sehemu za siri unaofanana na ua la koliflawa na kudondosha damu. Wenye mbwa huuona wakadhani ni hedhi au jeraha. Unatibika. Daktari humdunga dawa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na wengi hupona kabisa.

Sumu nayo ipo, ya panya na ya wezi. Mzoeshe kula kwenye bakuli lake tu, na kutoka kwa watu wa nyumbani. Akila sumu usimmiminie maziwa wala mafuta ya kula mdomoni, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Chukua pakiti ya sumu, au picha yake, muwahi daktari. Baadhi ya sumu za panya huzuia damu kuganda na dalili huchelewa siku kadhaa, huku tiba yake ya vitamini K ikifanya kazi vizuri ukiwahi. Kwa hiyo usimwone anachezacheza ukaridhika.

Sasa nina Simba, ana miaka miwili, mweusi, na sikio moja limekunjika. Saa kumi na mbili jioni hunitangulia kwenye ngazi ya jikoni na kuketi akingoja. Juzi nilimkuta na kupe wawili, mmoja kwapani kushoto, mwingine katikati ya vidole vya mguu wa nyuma. Fizi zilikuwa nzuri, rangi ilirudi kabla sijahesabu mbili. Nilichukua tochi nikakagua banda, nikakuta ufa mwembamba nyuma ya mlango, na ndani yake vitu vidogo vya kahawia vikitembea. Asubuhi nilitoa magunia nikayachoma, nikanyunyiza dawa, na mchana fundi akauziba ufa kwa saruji.